Mfalme asiyetunga: Belafonte, Black Stalin na deni la kalipso

Harry Belafonte alifariki tarehe 25 Aprili 2023 jijini New York, akiwa na umri wa miaka 96, na haikupita hata siku moja dunia nzima ikawa inamlilia. Rais Biden alitoa tamko. Obama naye aliandika. Bernice King, binti wa Martin Luther King, alikumbusha jambo moja dogo ambalo mimi nililipenda kuliko matamko yote ya wakubwa: kwamba Belafonte ndiye aliyemlipa yaya wa kuwalea yeye na ndugu zake. Na hapo hapo, kwenye taarifa nyingi za msiba, mzee akavikwa tena lile taji la miaka yote: mfalme wa kalipso.

Sasa, huko Trinidad, nyumbani kwa kalipso, taji hilo lina utaratibu wake. Mtu hapewi na kampuni ya santuri. Analigombania jukwaani msimu wa Kanivali, kwa nyimbo alizoleta mwaka huo, mbele ya waamuzi na umati usiojua kuoneana haya. Belafonte hakuwahi kulishinda. Na miezi minne tu kabla yake, tarehe 28 Desemba 2022, alikuwa amefariki mtu aliyelishinda mara 5: Leroy Calliste wa San Fernando, aliyejulikana kwa jina la Black Stalin. Mwisho wa Januari 2023 akafuata Gordon Rohlehr, msomi aliyetumia maisha yake kuichambua kalipso kama fasihi, mwandishi wa kitabu kikubwa juu ya kalipso na jamii ya Trinidad kabla ya uhuru. Misiba mitatu ndani ya miezi minne: mtunzi, mhakiki, na mwimbaji. Huku kwetu tulipata habari za mmoja tu.

Mabishano yaliyofuata kifo cha Belafonte hayakuwa mapya. Yana umri wa miaka zaidi ya 60. Kuna wanaosema aliichukua sanaa ya visiwa vidogo akaipeleka kwenye kila sebule ya Marekani, na kwamba bila yeye wengi wetu tusingejua hata neno kalipso. Kuna wanaosema alikuwa mwigizaji wa Harlem aliyewauzia Wamarekani bidhaa iliyochujwa, tena yenye lebo isiyo yake. Nikizisikiliza kambi hizi mbili naona zinabishana juu ya mtu: alizaliwa wapi, alikuwa na haki gani, alimsaidia nani. Juu ya maneno yaliyotoka mdomoni mwake, na nani aliyeyaandika, hazisemi kitu. Kwa sanaa ambayo roho yake ni maneno, huo ni upungufu wa ajabu.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji darasa refu kuielewa kalipso. Amfikirie Siti binti Saad. Siti aliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, hakubeba nyimbo za mapenzi peke yake. Aliimba habari za mjini. Wimbo wake wa Kijiti unasimulia mauaji ya mwanamke aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam, muuaji akatoroka, na mahakama ya wakoloni ikaishia kuwaadhibu watu wengine. Ulikuwa wimbo wa kuchezea na wakati huo huo ulikuwa gazeti kwa watu wasiokuwa na gazeti. Miaka sita baadaye, mwaka 1934, Atilla the Hun na Roaring Lion walipanda meli kutoka Port of Spain kwenda New York kwa kazi ile ile: kurekodi nyimbo ambazo ndani yake mna kesi, kashfa, bei ya vitu na maovu ya serikali. Mwaka huo huo serikali ya kikoloni ya Trinidad ilitunga sheria ya kumbi za maonyesho na dansi, iliyowapa polisi meno ya kuwabana waimbaji. Unaona walivyoogopwa? Atilla, ambaye jina lake halisi ni Raymond Quevedo, aliishia kuwa diwani wa jiji. Kutoka kwenye beti hadi kwenye baraza hakukuwa mbali.

Kalipso huimbwa kwenye "mahema," kumbi za muda za msimu wa Kanivali, na ina tabia nyingine ambayo Waswahili tunaijua sana: kuchomana. Wao wanaita pikong. Mshairi anamkejeli mwenzake jukwaani, mwenzake anajibu, na umati unaamua nani kapatikana. Aliyesoma majibizano ya Muyaka na wapinzani wake, au aliyekulia mtaa wenye mipasho, hatashangaa. Wapo pia wanaoghani papo kwa papo bila karatasi. Ni kweli, wapo waimbaji wanaonunua nyimbo kwa watunzi wengine, na hilo halifichwi hata Trinidad. Lakini sifa ya juu kabisa imebaki kwa yule anayeleta maneno yake mwenyewe na kusimama nayo.

Sasa tuangalie mwaka 1956. Katika Kanivali ya mwaka huo, kijana aliyejiita Mighty Sparrow alichukua ufalme kwa wimbo wa Jean and Dinah, kejeli kali kuhusu wanawake waliokuwa wakiishi kwa fedha za askari wa Kimarekani, na sasa askari wameondoka. Zawadi yake ilikuwa dola 40. Sparrow alikasirika, akatunga wimbo wa kususia mashindano na kuwahamasisha wenzake. Mwaka ule ule, kampuni ya RCA Victor ilitoa albamu ya Belafonte yenye jina la mkato: Calypso. Ilikaa nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki 31 na ikauza nakala zaidi ya milioni moja. Dola 40 upande mmoja, nakala milioni upande wa pili. Msitake niongeze maneno hapo.

Na ndani ya albamu ile kuna nini? Wimbo unaoifungua, Day-O, ni wimbo wa makuli wa Jamaika wanaopakia ndizi melini usiku kucha na kusubiri kulipwa asubuhi ifike. Ni wa kazi, tena ni wa Jamaika, na muziki wa asili wa huko unaitwa mento. Kuuita kalipso ni sawa na mgeni kusikia mdundiko wa Wazaramo akaandika kwamba amesikia taarab. Wimbo huo ulikuwa na safari kabla ya kumfikia Belafonte. Edric Connor, mwimbaji wa Trinidad aliyeishi Uingereza, aliurekodi mwaka 1952. Louise Bennett, mshairi mkubwa wa Jamaika ambaye watu wake wanamwita Miss Lou, aliurekodi mwaka 1954. Toleo la Belafonte lilitengenezwa na watu wawili ambao wasomaji wa blogu ya fasihi wanapaswa kuwajua. Wa kwanza ni Irving Burgie, mzaliwa wa Brooklyn ambaye mama yake ni wa Barbados. Huyu ndiye aliyeandika nyimbo 8 kati ya 11 za albamu nzima, na baadaye akaandika maneno ya wimbo wa taifa wa Barbados. Wa pili ni William Attaway, mwandishi wa riwaya. Ndiyo, wa riwaya: Blood on the Forge, iliyotoka mwaka 1941, ni yake.

Kwa hiyo "mfalme wa kalipso" alipata kiti chake kwa albamu ambayo sehemu kubwa iliandikwa na Mmarekani wa Brooklyn, na ambayo wimbo wake mashuhuri kuliko yote umetoka kwa makuli wa kisiwa kingine. Belafonte mwenyewe hakuwa mjinga, alijua. Aliibeba sifa hiyo kwa shingo upande, akijua kwamba hakuwa na taji lolote la mashindano. Lakini pia hakuomba radhi kwa namna alivyoimba. Mwaka 1959 alisema kwenye gazeti la New York Times kwamba kung'ang'ania usafi wa sanaa mara nyingi ni pazia la kufichia uwezo mdogo. Hapo nakubaliana naye kwa sehemu. Angeimba kwa lafudhi nzito ya Port of Spain, akiwataja mawaziri na malaya wa Port of Spain, nani Chicago angemwelewa? Tena, ukifikiria upuuzi wote uliouzwa kwa jina la kalipso mwaka 1957, alikuwa mtu wa heshima sana. Robert Mitchum, nyota wa sinema, alitoa albamu ya kalipso. Maya Angelou, kabla hajawa yule Maya Angelou wa vitabu, alirekodi albamu iliyoitwa Miss Calypso. Ilikuwa homa, na homa ilipita.

Ila kuna mahali ambapo uchujaji ule unauma, na ni vizuri tupaangalie kwa karibu kuliko kusema kwa jumla tu kwamba "aliibadilisha." Mwaka 1957 Belafonte alipata kibao kingine, Mama Look a Boo Boo. Mwenye wimbo ni Lord Melody, jina lake halisi Fitzroy Alexander. Ni hadithi ya baba mwenye sura mbaya kiasi kwamba watoto wake mwenyewe wanamwona kama zimwi. Sasa, Melody alikuwa mtu wa kutaniwa kwa sura yake. Wapinzani wake kwenye mahema, Sparrow akiwa wa kwanza, walimchoma kwa hilo. Alichofanya Melody ni kile ambacho mshairi hodari hufanya akizidiwa: aliichukua silaha ya adui akajichoma mwenyewe kwa ustadi, ili asibaki mtu wa kumchoma. Ukiusikiliza kwa sauti yake, unacheka na unahisi kitu kikikubana kooni. Mzee yule anakwambia: mimi nimekwisha kujisema, haya, ninyi mna lipi jipya?

Belafonte alikuwa mmoja wa wanaume wazuri kuliko wote waliowahi kusimama mbele ya kamera. Alipoimba kwamba watoto wanamwona zimwi, ukumbi mzima ulijua ni utani. Hakuna mtu aliyekuwa akimcheka, walikuwa wakicheka naye. Maneno ni yale yale karibu yote, lakini jeraha limetoweka. Kilichokuwa jibu kwenye ugomvi kimekuwa kichekesho cha familia, kizuri, cha kuchezea watoto Jumapili mchana. Melody hakulalamika, maana alifanya kazi na Belafonte, alisafiri naye, walitunga pamoja. Huenda alipata fedha nyingi zaidi kwa njia hiyo kuliko alizowahi kupata hemani. Mimi silii kwa niaba yake. Nasema tu kama mtu anayesikiliza: wimbo ule unahitaji mtu mbaya wa sura, na Belafonte hakuwa na namna ya kuwa hivyo.

Matilda ni hivyo hivyo. Ulitungwa na King Radio, ukihusu mwanamke aliyebeba fedha za mwanamume akakimbilia Venezuela. Belafonte aliugeuza kuwa mchezo wa ukumbi mzima, upande huu uimbe, na upande ule uitikie. Hapo sina shida naye hata kidogo. Ni hapo ndipo ninapoona alichokuwa kwa hakika: mtu wa tamthilia. Alianzia kwenye maigizo na si kwenye muziki. Baada ya kutoka jeshi la majini alikuwa akifanya kazi ya usafi na matengenezo kwenye majengo, akapewa tiketi ya kuangalia mchezo wa American Negro Theatre, na maisha yake yakabadilika usiku huo. Alisoma uigizaji chini ya Erwin Piscator, Mjerumani wa tamthilia za kisiasa, darasa moja na Marlon Brando. Mwimbaji wa namna hii anauchukulia wimbo kama mhusika wa kuvaa. Day-O anauimba kama kuli aliyechoka, na tunamwamini. Huo ni usanii, tena mkubwa. Lakini mwigizaji bora wa Hamlet hatumwiti mtunzi wa Hamlet.

Watetezi wake hapa hutoa hoja nyingine, nayo ni nzito: angalia alichofanya na fedha. Na kweli, angalia. Alichangisha dhamana za kuwatoa waandamanaji jela mwaka 1963 Birmingham. Mwaka 1964 yeye na Sidney Poitier walibeba kiasi cha dola 70,000 taslimu mpaka Greenwood, Mississippi, wakifukuzwa na magari ya wabaguzi njiani. Na kuna la kwetu. Mwaka 1959 Tom Mboya alipotafuta nauli za kuwapeleka vijana wa Kenya vyuoni Marekani, barua ya kuomba michango ilisainiwa na watu watatu: Jackie Robinson wa besiboli, Poitier, na Belafonte. Septemba mwaka huo ndege ya kwanza iliondoka na wanafunzi 81. Hakuna mkaguzi wa kalipso anayeweza kukwangua jina lake kutoka hapo.

Hata lile la Bernice King lina uzito zaidi ukijua kilichotangulia. Mwaka 2013 Belafonte aliwashtaki warithi wa Martin Luther King kwa sababu ya nyaraka tatu za King alizokuwa akizihifadhi, wao wakidai si zake. Wakamalizana mwaka 2014, nyaraka zikabaki kwake. Binti wa nyumba ile ile, baada ya ugomvi ule, akaja kumkumbuka kwa mshahara wa yaya. Hiyo ndiyo tanzia ya maana.

Hoja ya fedha, hata hivyo, inajibu swali ambalo halikuulizwa. Swali la fasihi ni kama nyimbo zenyewe zilibeba vita hiyo. Nadhani jawabu ni: mara chache. Siasa ya Belafonte ilikuwa kwenye kitabu cha hundi, kwenye simu na miguuni. Mwaka 1988 alitoa Paradise in Gazankulu, albamu yake ya kupinga ubaguzi wa Afrika Kusini, iliyorekodiwa kwa sehemu kubwa na wanamuziki wa huko. Ni albamu nzuri kuliko sifa zake. Lakini hata hapo, pa moto kabisa, mashairi mengi yaliandikwa na mtu mwingine, Jake Holmes wa Marekani.

Linganisha na Black Stalin. Mwaka mmoja kabla, 1987, alichukua taji lake la tatu, na moja ya nyimbo zake ilikuwa Burn Dem. Wazo lake ni hili: siku ya hukumu imefika, na mwimbaji anamwomba Mtakatifu Petro ampishe kidogo mlangoni, maana kuna wakosaji ambao angependa kuwashughulikia yeye mwenyewe kabla hawajatupwa motoni. Yumo Columbus. Yumo Botha, ambaye wakati huo alikuwa madarakani Pretoria. Unacheka kwa hasira. Hakuna wito wa kuungana mikono wala nuru mwisho wa njia, ni mtu wa kawaida wa San Fernando aliyejipa kazi ya mlinzi wa lango, na historia nzima ya utumwa na ukoloni imepangwa foleni mbele yake kama watu wanaosubiri huduma kaunta. Kwangu, wimbo huo mmoja una siasa nyingi ndani ya beti zake kuliko albamu nzima ya Gazankulu. Si kwa sababu Stalin alikuwa mpiganaji zaidi. Belafonte alihatarisha maisha yake, na Burn Dem ulimpa Stalin taji. Ni kwa sababu Stalin alikuwa mtunzi, na picha ya foleni ile mbele ya lango haiwezi kuagizwa kutoka kwa mtu mwingine.

Halafu kuna jambo ambalo tanzia za Trinidad zenyewe zililipita kwa haraka. Wimbo uliompa Stalin taji la kwanza, mwaka 1979, ulikuwa Caribbean Unity, ambao watu wengi wanauita Caribbean Man. Aliwasuta viongozi wa visiwa kwa kushindwa kuungana wakati Marasta wanaenea bila mikutano wala itifaki. Msingi wa umoja aliuona katika historia ya pamoja ya waliosafirishwa kutoka Afrika. Ukasifiwa sana, halafu ukazua moto. Trinidad ina watu wengi ambao mababu zao walitoka India, kuanzia meli ya Fatel Razack mwaka 1845, na wao wakauliza: sisi tuko wapi kwenye umoja huo? Ramesh Deosaran, mwanazuoni wa huko, aliandika kuukosoa. Wanawake nao wakauliza kwa nini mtu wa Karibiani lazima awe mwanamume. Wengine wakamtetea: mshairi ana haki ya kuongea na watu wake kwanza.

Alipofariki, salamu za rambirambi zilimtaja kama sauti ya umoja. Mzozo ukawekwa pembeni kwa adabu ya msiba. Naielewa adabu hiyo, hata sisi hatumsemi marehemu matangani. Ila mshairi wa pikong akizikwa kwa sifa tupu anaonewa. Wimbo uliowafanya watu wagombane kuhusu maana ya taifa lao kwa zaidi ya miaka 40 haujafa, na kuusifu bila kuugusa ni kuumaliza. Waliobishana na Stalin mwaka 1979 walimpa heshima kubwa zaidi: walimchukulia kwamba amesema kitu.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona kati ya misiba hii miwili. Kwa Stalin, watu waligombana na ubeti. Kwa Belafonte, hakuna anayegombana na ubeti, wanagombana na mtu.

Sisi tunaoandika Kiswahili tuna sababu yetu ya kulijali jambo hili, na wala si ya mbali. Mwaka 1965 Belafonte alitoa albamu pamoja na Miriam Makeba, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Grammy. Nyingi ya nyimbo zake ni za Afrika Kusini, lakini mmojawapo ni Malaika. Wengi Afrika Mashariki tunasema ni wa Fadhili William wa Kenya, ambaye ndiye aliyeurekodi na kuufanya ujulikane. Upande wa Tanzania wapo wanaoshikilia kwamba mtunzi ni Adam Salim. Kuna na wanaomtaja Grant Charo. Ugomvi huo umeshindikana kwisha, nami sitaumaliza leo. Ninachotaka uone ni kipengele cha tuzo ile: rekodi bora ya muziki wa kijadi. Malaika haukuwa wa kijadi! Haukurithiwa kutoka kwa mababu wasiojulikana majina. Ulikuwa wimbo wa mapenzi wa enzi ya gitaa, kijana anamlilia mpenzi asiyeweza kumwoa kwa kukosa fedha. Fadhili William alikuwa hai, hajafika hata miaka 30, anapiga muziki Nairobi. Adam Salim naye alikuwa hai.

Neno "asili" lina ujanja huo. Likishabandikwa, jina la mtunzi linadondoka, na wimbo unakuwa wa "watu." Makuli wa Jamaika walipotewa hivyo, na hatuwezi tena kuwapata. Calypso ya Melody na King Radio ilinusurika kwa sababu Trinidad ina desturi ngumu ya kukumbuka nani kasema nini, mwaka gani, kwenye hema lipi. Sisi tunakumbuka sauti. Mwulize mtu yeyote barabarani nani aliimba Malaika, atakujibu Makeba.

Na bado, nikiusikiliza wawili wale wakiuimba, sina la kuwanyima. Hapa mambo yamekwenda kinyume na yale ya Melody. Wimbo wa kijana asiye na mahari umeingia midomoni mwa nyota wawili wenye uwezo, ungedhani ungekufa. Lakini mmoja wao ni mwanamke ambaye tangu mwaka 1960 alikuwa amefungiwa nje ya nchi yake, hata kumzika mama yake hakuweza. Kumtamani mtu usiyeweza kumfikia, kwa sauti ya Makeba, kunakuwa kutamani nchi nzima. Na Belafonte, mwigizaji yule, anajua kwamba safari hii mhusika mkuu si yeye. Anashusha sauti, anamwachia nafasi, anaimba kama mtu anayemshikia mwenzake taa. Ni moja ya rekodi zake ninazozirudia mara nyingi, na humo hakuna kalipso hata chembe.